Punda aliyebaki bandarini

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha yenye duara jekundu. Ni fremu moja ya katuni, imesimamishwa, na ndani ya lile duara kuna kitu: vumbi linalodaiwa kuandika neno chafu angani, kivuli kisichoonekana mahali kilipotakiwa kuwa, mkono uliokaa vibaya. Chini yake swali ni lilelile: "Mwalimu, hili umeliona?" Nimeliona. Nimefundisha uchambuzi wa filamu za uhuishaji kwa muda wa kutosha hata maduara hayo nayajua kwa sura, kama karani wa benki anavyozijua noti bandia.

Kinachotupoteza ni neno "siri". Tukiambiwa katuni fulani imebeba mambo mazito, tunaanza kupekua pembe za picha kama watu wa forodha. Lakini mazito yenyewe, kwa uzoefu wangu, yako katikati ya skrini, mchana kweupe. Filamu inayaonyesha kisha inayapita bila kuyasemea neno. Ndiyo maana nikitazama mara ya pili nazima sauti, nashika kalamu, na ishara siziulizii. Natafuta madeni. Nani kafanyishwa kazi humu na hakulipwa? Nani kachorwa bila uso? Nani kaachwa nyuma wakati wenzake wanaimba wimbo wa mwisho?

Chukua Pinocchio ya mwaka 1940, filamu ya Disney ya kikaragosi cha mbao kinachotaka kuwa mtoto wa kweli. Wengi wanakumbuka pua inayorefuka. Mimi nakumbuka bandari. Mwendesha gari la punda amewakusanya wavulana, amewapeleka kwenye kisiwa cha starehe, wamekula, wamevuta sigara, wamevunja vioo, na sasa usiku umeingia na wanageuka punda. Tazama pale anapowapokea. Anamshika wa kwanza na kumuuliza jina. Punda analia kipunda. Basi, huyu anafaa: anavuliwa nguo na kutupwa ndani ya sanduku la mbao. Masanduku mengine yako tayari, yameandikwa yanakokwenda, hili machimbo ya chumvi, lile sarakasi. Anaulizwa mwingine, mdogo, bado ana kofia kichwani. Anajibu kwamba anaitwa Alexander, na kwamba anataka kurudi nyumbani kwa mama. Bwana yule anakasirika: huyu bado anasema, mrudisheni. Anatupwa kwenye zizi la wale ambao sauti haijawatoka.

Huo ni ukaguzi wa bidhaa. Mtoto akiwa bado anajua jina lake, hauziki. Anayefaa ni yule aliyekwisha kunyamazishwa. Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo ya namna binadamu anavyogeuzwa mali, na yamo kwenye filamu ambayo tunaiwasha ili tupate nafasi ya kupika.

Kisha Pinocchio anatoroka, na masikio yake ya punda na mkia. Anaogelea, anamtafuta babake, anamezwa na nyangumi, anatoka, anakuwa mtoto wa kweli. Furaha. Na Alexander je? Hakuna anayerudi kisiwani. Yule mwendesha gari haadhibiwi, hafukuzwi, hata jina hapewi. Biashara inaendelea.

Carlo Collodi, aliyeandika kisa hicho kwa sehemu kwenye gazeti la watoto la Italia kati ya 1881 na 1883, hakuwa na huruma kama watu wanavyodhani, ila hesabu zake alizifunga. Kwenye kitabu, Pinocchio baadaye anafanya kazi ya kuzungusha gurudumu la kuvuta maji kwa mkulima mmoja, ili apate gilasi ya maziwa kwa babake mgonjwa. Kazi hiyo ilikuwa ya punda, na punda huyo amelala zizini anakata roho kwa kuchoka. Pinocchio anainama, anamuuliza ni nani. Ni Lucignolo, rafiki yake wa shule. Anakufa hapohapo. Collodi aliishi katika Italia ambayo watoto wa maskini walibebeshwa mawe ya salfa kwenye machimbo ya Sicily, kwa hiyo alipoandika punda hakuhitaji kumfafanulia mtu. Hata sisi hatuhitaji. "Kufanyishwa kazi kama punda" tunasema kila siku. Filamu ikaondoa maiti, ikaacha masanduku. Matokeo yake, nionavyo, ni mabaya zaidi ya kitabu: mtoto anaona wenzake wakiuzwa na hakuna mtu mzima ndani ya hadithi anayekumbuka kwamba waliuzwa.

Suala la kukosa uso linaonekana vizuri zaidi kwenye Dumbo, 1941, kisa cha mtoto wa tembo wa sarakasi. Kuna kipande cha usiku wa mvua ambapo wanaume weusi wanasimamisha hema la sarakasi huku wanaimba. Simamisha picha popote upendapo: hawana nyuso. Tembo wana nyusi, wana kope, wana wivu. Watu hao wana mabega tu, na wimbo unawafanya waseme wenyewe kwamba hawakujifunza kusoma wala kuandika na bado wanafurahi. Filamu hiyo ilitoka mwaka uleule ambao wachoraji wa studio yenyewe, Disney, waligoma. Ndani yake kuna wachekeshaji wanaopanga kwenda kumdai bosi nyongeza ya mshahara, nao wamechorwa walevi na wapumbavu. Nadhani hapo sina la kuongeza.

Kwenye The Lion King ya 1994, sisi tunaosema Kiswahili tuna upendeleo ambao watazamaji wengi hawana. Tunasikia majina. Fisi wanaoongoza kundi ni watatu: Ed, ambaye hana hata maneno, anacheka tu, Banzai, ambalo ukilazimisha unaweza kulivuta hadi kwenye kujibanza, na Shenzi.

Shenzi! Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka sana. Leo neno hilo ni tusi la barabarani, lakini lina ukoo wake. Kwa watu wa miji ya pwani wa enzi zilizopita, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyehesabiwa kwenye ustaarabu, kinyume cha muungwana, na kwa sababu hiyo mtu ambaye ukimkamata na kumuuza, dhamiri yako inalala usingizi. Lilikuwa neno la kuchora mpaka. Sasa rudi kwenye filamu: baba mfalme yuko juu ya mwamba na mwanawe, anamwonyesha kila kinachoguswa na mwanga. Na kule kwenye giza? Kule ni nje ya mipaka yetu, usiende. Fisi ndiko wanakoishi, kwenye makaburi ya tembo. Nani aliwafukuzia huko? Kwa kosa gani? Filamu haisemi, na wala haioni kwamba inapaswa kusema. Jina limekwisha kusema.

Scar, simba anayetaka kumpindua ndugu yake mfalme, anapowataka fisi wawe jeshi lake, hawaahidi vyeo wala nchi. Anawaahidi kwamba hawatalala njaa tena. Ndivyo wanavyonunuliwa. Kipande kinachofuata, wanaandamana mbele yake kwa miguu iliyonyooshwa juu, na watengenezaji wamekiri kwamba waliiga picha za mikutano ya Wanazi. Hivyo wenye njaa wanaingia kwenye hadithi kama wenye njaa na ndani ya dakika chache wamekuwa mafashisti. Halafu mtawala anabadilika, fisi wanavuka mpaka, na nini kinatokea? Majani yanakauka, mito inakauka, mifupa kila mahali. Mrithi halali anaporudi, mvua inanyesha. Siasa imegeuzwa hali ya hewa. Ukifikiria kidogo tu utaona ujumbe unaobaki kwa mtoto: wale wa ng'ambo wakiingia, ardhi yenyewe inawakataa.

Waandishi walikusudia hivyo? Sidhani. Wala mimi sijali sana walikusudia nini. Dharau nyingi husafiri bila kukusudiwa. Na tusijitoe kwenye lawama, maana fisi mlafi na mjinga alikuwa kwenye hadithi zetu za sungura kabla studio yoyote haijashika penseli. Kinachonikera kama mtu anayependa pia wanyama halisi ni kwamba mtafiti Hans Kruuk alikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1960, kwa kuwafuatilia fisi wa Ngorongoro usiku, kwamba nyama nyingi wanayokula wanaiwinda wenyewe, na mara nyingi simba ndio wanaofika na kuwapora. Jambo moja filamu ililipata sawasawa: kiongozi wa kundi ni jike. Lakini yule mfalme anapomfundisha mwanawe jinsi maisha yanavyozunguka, simba anakula swala, simba anakufa, anakuwa majani, swala anakula majani, fisi hayumo. Mnyama ambaye pia husaidia kurudisha mizoga udongoni ameachwa nje ya mzunguko!

Sasa nirudi kwa watu wa maduara mekundu, kwa sababu kuna duara moja ambalo nalichukia kwa sababu maalumu. Uvumi unasema kwamba My Neighbor Totoro, ya mwongozaji wa Kijapani Hayao Miyazaki, 1988, ni hadithi ya watoto wawili waliokwisha kufa. Kwamba lile dude kubwa lenye manyoya ni mungu wa mauti. Kwamba mwishoni watoto hawana vivuli. Na kwamba yote hayo yanahusu mauaji ya msichana mmoja huko Sayama, Japani, mwaka 1963. Studio Ghibli, iliyoitengeneza filamu hiyo, ililikana jambo hilo hadharani mwaka 2007, ikaeleza kwamba vivuli viliachwa kwa sababu tu wachoraji waliona havihitajiki pale. Uvumi haukufa. Uvumi wa namna hii hauna masikio.

Ninachokichukia ni kilichoachwa nje ya duara. Tukio la Sayama ni kweli lilitokea, na mtu aliyehukumiwa alitoka jamii ya burakumin, watu waliotengwa Japani kwa vizazi kwa sababu ya kazi za mababu zao, kama kuchinja na kutengeneza ngozi. Kwa miongo kadhaa alisisitiza kwamba hana hatia, na wengi waliona kutengwa kwa jamii yake ndiko kulikomtia hatiani kabla ya ushahidi. Hilo ndilo giza la kijamii lenyewe, limo mkononi mwa wanaosambaza uvumi, na wao wanalitupa ili wabaki na msisimko wa maiti. Wakati huohuo huzuni ya kweli ya filamu ile haijafichwa hata kidogo: mama yuko hospitali, watoto hawaambiwi hali yake sawasawa, na mdogo anabeba hindi moja akienda kumponya. Mama yake Miyazaki mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka. Hapo duara la nini?

Nikiri na langu. Niliwahi kuandika kurasa nzima juu ya sentensi moja ya mhusika, nikaijengea hoja nzuri kweli, hata nikajipongeza. Baadaye nikasikiliza toleo la lugha ya awali pamoja na mtu anayeijua. Sentensi haikuwemo. Iliongezwa na waliotia sauti za tafsiri ili kujaza ukimya. Tangu hapo siandiki kitu kabla ya kuuliza maneno ya asili yanasema nini.

Tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Princess Mononoke, 1997, tena ya Miyazaki. Bibi Eboshi anatawala mji wa kuyeyusha chuma. Anakata msitu, anaua miungu ya wanyama, na amewakomboa wanawake kutoka madanguro akawapa kazi kwenye mivukuto. Nyuma ya nyumba yake ana bustani ambayo wengine wanaogopa kuikanyaga, na ndani ya chumba kuna watu waliofungwa vitambaa uso mzima na mikono, wanaunda bunduki. Kijana Ashitaka, mwenye laana mwilini, anataka kumuua Eboshi. Mzee aliyelala chini, hakubaki na cha kuonekana ila vitambaa, anaomba asimuue. Naye pia amelaaniwa, anasema, kwa hiyo hasira yake anaielewa; lakini huyu mwanamke ndiye pekee aliyewatendea kama watu, hakuogopa ugonjwa wao, aliosha nyama yake iliyooza akaifunga.

Mzee hataji jina la ugonjwa. Mtazamaji wa Japani hakuhitaji atajiwe. Sheria iliyowafungia wagonjwa wa ukoma kwenye makazi ya mbali ilifutwa mwaka 1996, mwaka mmoja tu kabla filamu haijatoka, ingawa dawa inayotibu ilikwisha kupatikana tangu miaka ya 1940. Nusu karne watu waliopona, au ambao wangepona, walibaki ndani ya uzio. Wengi walifungwa uzazi kwa lazima. Miyazaki ameeleza kwamba wakati akiihangaikia filamu hiyo alikwenda kwa miguu hadi makazi ya aina hiyo, Tama Zenshoen, pembezoni mwa Tokyo. Mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikaamua kwamba serikali ilikiuka katiba.

Na bado hakuwafanya malaika. Mikono ile iliyofungwa vitambaa inatengeneza silaha, na inazitengeneza vizuri, kwa fahari ya fundi. Eboshi anaijaribu moja, anaiona nzito, anawaambia anataka nyepesi zaidi ili wanawake wake waweze kuibeba. Wanacheka pamoja naye. Ninapoonyesha kipande hicho darasani huwa nakiacha kiende hadi hapo kwenye kicheko, kisha nazima, na mara nyingi inapita dakika nzima kabla mtu hajainua mkono.