Je, wajua kwa nini sigara moja ya msibani hukurudisha kwenye pakiti nzima?

Mwezi wa saba, msibani Uyole, saa nane usiku. Wanaume tumezunguka gogo linalowaka, uso unaungua, mgongo unaganda. Mzee mmoja akanisogezea pakiti: "Chukua, mwanangu, baridi ya huku haina adabu." Nilikuwa nimeacha miezi saba. Nikachukua. Saa mbili asubuhi nilikuwa dirishani kwa Mangi naulizia moja, na jioni nikanunua pakiti.

Sigara moja ilipata wapi nguvu ya kuangusha miezi saba?

Tuanze na mwili, maana ndio unaosingiziwa. Ukivuta, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, inanasa kwenye vipokezi vyake, yaani vijisehemu vinavyoipokea, na ubongo unamwaga dopamini, kemikali ya kujisikia raha. Ubongo wa mvutaji huongeza vipokezi hivyo, ndiyo maana siku 3 za mwanzo za kuacha arosto inakuwa kali. Lakini ukikaa bila moshi wiki 6 hadi 12, vipokezi hupungua hadi kulingana na vya asiyevuta. Nikotini nayo haikai: kila baada ya saa 2 hivi, damuni hubaki nusu. Kwa hesabu hiyo, saa mbili asubuhi nilikuwa na kama sehemu moja ya nane ya kile nilichovuta msibani. Hiyo si njaa ya kumtoa mtu kitandani.

Kilichonitoa, kwanza, ni kumbukumbu. Sigara moja ina kama mivuto 10. Anayemaliza pakiti ya 20 kwa siku anaufundisha ubongo somo lilelile mara 200, yaani zaidi ya mara 70,000 kwa mwaka. Na somo lenyewe lina moto, baridi, chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, harufu ya kiberiti. Vipokezi vinapungua, somo linabaki. Mimi niliacha Desemba, mvua zikinyesha. Nilijifunza kukaa bila sigara wakati wa mvua. Baridi ya Julai ilikuwa haijanifanyia mtihani.

La pili ndilo zito: maneno tunayojiambia baadaye. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alitenganisha kuteleza na kurudi kabisa. Kuteleza ni ile sigara. Kinachokugeuza mvutaji tena ni hukumu inayofuata: "Nimeshaharibu, mimi si wa kuacha." Anayesema "palikuwa na baridi na sikuwa na kitu mkononi" ana jambo la kurekebisha, anayesema "mimi ni dhaifu" hana pa kuanzia. Asubuhi ile nilijipa methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakati nilikuwa nimelowesha kidole tu!

Kuna na jambo ambalo huku kwetu halisemwi: kahawa. Moshi wa sigara, si nikotini, huharakisha ini kuvunja kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa. Ukiacha, ini linapunguza kasi, na vikombe vilevile vya kahawa ya Mbozi vinaweza kukuachia kafeini karibu maradufu damuni. Moyo unadunda, usingizi hauji, nawe unadhani ni arosto. Punguza kahawa nusu kwanza.

Pakiti ile ilikuwa imebakiwa na sigara 14. Nilizilowesha maji kabla ya kuzitupa, maana za kwenye ndoo ningeziokota, najijua. Sikuanza kuhesabu upya kutoka sifuri pia: miezi saba ilikuwa yangu. Hamu ikija, kwa kawaida hudumu dakika chache tu, hata kama unaona haiishi. Zipo pia jojo na bandiko za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Ukiteleza ukiwa unazitumia, usiziache kwa hasira, muulize mfamasia.

Mke wangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mkononi ulikuwa umeshika nini?"

Agosti tukawa na msiba mwingine. Pakiti ikapita, ikanifikia nikiwa nimetoa kiazi majivuni, nakirusha kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, napuliza. Kiazi cha moto hakimenyeki kwa mkono mmoja.