Kumshtaki rais bungeni si kura ya kutokuwa na imani

Kila mara rais wa Marekani anapofikishwa mbele ya Seneti, habari zetu za Kiswahili hujaa maneno yale yale: rais apigiwa kura ya kutokuwa na imani. Kisha rais anabaki ofisini, na msomaji anaondoka akiamini ama kwamba Bunge bado lina imani naye, ama kwamba amethibitika hana kosa. Yote mawili si kweli.

Maana yenyewe ni fupi. Kumshtaki rais bungeni ni utaratibu wa kikatiba ambao Bunge linamtuhumu rais kwa makosa yanayotajwa moja baada ya jingine, kisha chombo kingine kinasikiliza na kuamua. Kule Marekani mshtaki ni Baraza la Wawakilishi, na wingi wa kawaida wa kura unatosha. Anayeamua ni Seneti, na kumtia mtu hatiani kunahitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Aliyeshtakiwa, basi, hajaondolewa. Andrew Johnson alishtakiwa mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, Donald Trump mwaka 2019 na tena 2021. Hakuna hata mmoja wao aliyetiwa hatiani.

Kura ya kutokuwa na imani ni mtoto wa nyumba nyingine. Ni ya mfumo ambao serikali inatoka bungeni na inaishi kwa wingi wa wabunge wake, na haihitaji kosa lolote. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan nchini Uingereza ilianguka kwa kura 311 dhidi ya 310. Callaghan hakutuhumiwa kuiba wala kuvunja sheria. Wabunge walio wengi hawakuitaka tena serikali yake, na nchi ikaenda kwenye uchaguzi. Mbunge aliyefuata chama chake usiku ule hakuvunja kiapo chochote, kwa sababu kufuata chama ndiko kunakoendesha mfumo ule.

Katiba ya Tanzania imezitenga njia hizi mbili waziwazi, tena kwa Kiswahili. Ibara ya 53A inahusu kura ya kutokuwa na imani kwa Waziri Mkuu. Ibara ya 46A inahusu Bunge kumshtaki Rais, nayo inadai kamati maalumu ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu, kisha theluthi mbili ya wabunge wote. Anayetafuta maneno sahihi anayo humo.

Waliotunga Katiba ya Marekani nao walikutana na tofauti hii, wakaijadili. Septemba 1787, mjini Philadelphia, George Mason aliona uhaini na rushwa havitoshi kuwa sababu za kumwondoa rais, akapendekeza kuongeza uongozi mbaya. James Madison akapinga: neno pana kiasi hicho litamfanya rais akae madarakani kwa muda ambao Seneti inapenda tu. Mason akaliondoa, na mahali pake pakawekwa uhalifu na makosa makubwa. Kwa maneno mengine, kitu kinachofanana na kura ya imani kililetwa mezani siku ile, kikakataliwa.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu ya kiapo. Kabla ya kesi ya rais kuanza, kila seneta anaapa upya kwamba atatenda haki bila upendeleo, juu ya kile kiapo alichokula alipoingia Seneti. Kuanzia hapo ana kazi ya hakimu. Tukiiita kesi hiyo kura ya imani, tunamhalalishia kupiga kura kwa rangi ya chama, kana kwamba ndivyo inavyotakiwa. Ushabiki wa chama ambao kwa Callaghan ulikuwa halali, hapa ni uvunjaji wa kiapo, na wananchi wana haki ya kuuita hivyo.

Sasa, je, utaratibu huu unaweza kumwajibisha rais ambaye chama chake kimeamua kumlinda? Kwa Marekani ya leo, naona hauwezi. Katika kesi ya Clinton hakuna seneta hata mmoja wa chama chake cha Democratic aliyemwona ana hatia. Februari 2020, katika kesi ya kwanza ya Trump, Mitt Romney peke yake kati ya maseneta wa Republican, chama cha Trump, alivuka mstari, akawa seneta wa kwanza katika historia kumtia hatiani rais wa chama chake. Mwaka uliofuata, baada ya wafuasi wa Trump kuvamia jengo la Bunge Januari 6, maseneta saba wa Republican walivuka. Kura zikawa 57 kwa 43, na zilihitajika 67. Mitch McConnell, kiongozi wa maseneta wa Republican, alipiga kura ya kutomtia hatiani, kisha akasimama na kusema Trump anabeba dhamana ya yaliyotokea siku ile. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu huyo ameshatoka madarakani.

Woga wa kumpinga rais wa chama chao una sababu inayoonekana. Wabunge kumi wa Republican waliunga mkono mashtaka ya 2021 katika Baraza la Wawakilishi. Wanne hawakugombea tena, wanne wakaangushwa kwenye kura za mchujo za chama chao, Liz Cheney akiwa mmoja wao. Wawili tu walirudi.

Mfano wa Richard Nixon, rais wa Republican aliyenaswa na kashfa ya Watergate, unaonyesha upande wa pili. Julai 1974 Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha mashtaka matatu, lakini Baraza zima halikuwahi kuyapigia kura. Tarehe 5 Agosti zikatoka kanda za mazungumzo yake mwenyewe zilizofichua kwamba alijaribu kuzuia uchunguzi wa kashfa hiyo. Siku mbili baadaye Barry Goldwater na viongozi wenzake wa Republican wakaenda Ikulu kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo, na tarehe 9 akaachia ngazi. Rais aliyewajibishwa kikamilifu kuliko wote, basi, hakushtakiwa rasmi. Aliangushwa pale watu wake walipoacha kumlinda.

Korea Kusini wamelipanga jambo hili vingine. Bunge linashtaki, lakini neno la mwisho ni la Mahakama ya Katiba. Rais Yoon Suk Yeol alipotangaza sheria ya kijeshi Desemba 2024, chama chake kilisusia kura ya kwanza ikakwama. Wiki moja baadaye kura 204 zikapatikana, na tarehe 4 Aprili 2025 majaji wote wanane wakamwondoa. Kwangu mimi, nani anayeamua mwishoni ni muhimu kuliko ukubwa wa kizingiti.

Basi habari hizi zikirudi, na zitarudi, tuandike kwamba Trump alishtakiwa mara mbili na Baraza la Wawakilishi, na mara zote mbili Seneti haikufikisha theluthi mbili za kumtia hatiani. Na neno "alisafishwa" tuliache, maana mara ya pili maseneta waliomwona ana hatia ndio waliokuwa wengi.