Ndugu Anapoachiwa Mtoto Marekani: Yanayosemwa Kuhusu Leseni na Ukweli Wake

Mtoto akiondolewa kwa wazazi wake nchini Marekani, sheria ya 2008 inaitaka idara ya ustawi wa watoto iwatafute ndugu zake watu wazima na kuwapa taarifa ndani ya siku 30. Taarifa hiyo lazima ieleze namna ya kuwa mlezi wa kambo mwenye leseni, yaani anayemlea mtoto aliye chini ya ulinzi wa jimbo (foster care). Katika familia nyingi za Waswahili huko Lexington, Louisville au Columbus, shangazi au bibi huwa ameshasema "mleteni" kabla hajafika sehemu hiyo ya barua. Moyo huo ni mzuri, lakini sehemu hiyo isirukwe, maana haki nyingi za mtoto zinategemea leseni.

"Ni damu yangu, leseni ya nini?"

Undugu unakutanguliza kwenye orodha ya watakaofikiriwa. Posho ya malezi ya kambo ni jambo jingine, na kwa kawaida hupewa mwenye leseni. Asiye nayo mara nyingi huelekezwa kwenye TANF, msaada wa familia zenye kipato kidogo, ambao majimbo mengi hutoa pungufu ya posho hiyo. Ukipokea watoto watatu kwa mpigo, pengo linazidi kupanuka.

Tena kuna mtego ambao haujadiliwi vya kutosha. Afisa anafika na kusema, "Mchukue tu, tusipelekane mahakamani." Ukikubali hivyo, huenda mtoto asihesabiwe kuwa chini ya ulinzi wa jimbo. Hakuna hakimu anayefuatilia, mtoto hana wakili, na huna njia ya kuomba posho. Kabla ya kutia sahihi popote, uliza: mtoto huyu yuko chini ya ulinzi wa jimbo, au mnaniachia mimi? Jibu litolewe kwa maandishi. Afisa anayekuharakisha usiulize ndiye wa kuulizwa zaidi.

"Ndugu hulipwa kidogo, ndivyo sheria ilivyo"

Hili limekwisha kukataliwa mahakamani, na zaidi ya mara moja. Huko Illinois dada mmoja na mumewe walipewa wadogo zake wawili wawalee. Jimbo likawapa dola 63 kwa mwezi kwa kila mtoto, wakati mlezi asiye ndugu angepata dola 105. Mwaka 1979, katika kesi ya Miller dhidi ya Youakim, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mtoto aliyewekwa na jimbo kwa ndugu, kwenye nyumba iliyotimiza masharti, asinyimwe fedha hizo kwa sababu ya undugu.

Mwaka 2017 ikaja kesi ya Kentucky. Bibi mmoja alichukua watoto wawili wa mpwa wake. Jimbo likakagua nyumba, likachunguza rekodi zake, likaridhika, kisha likakataa kumlipa. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa sita ikasema ndugu aliyekubaliwa hivyo anastahili kulipwa, mradi jimbo bado linawajibika kwa watoto hao. Uamuzi wa mahakama hiyo unagusa pia Ohio, Tennessee na Michigan. Ukiishi huko na umeshakaguliwa ukakubaliwa bila kulipwa, itaje kesi ya D.O. dhidi ya Glisson kwa wakili wa msaada wa sheria.

"Bila nyumba yako na chumba kwa kila mtoto, utanyimwa"

Apatimenti ya kupanga inakubalika. Tangu 2008 majimbo yanaruhusiwa kumsamehe ndugu sharti lisilohusu usalama, kama vile ukubwa wa chumba. Kanuni ya shirikisho ya Septemba 2023 ilikwenda mbali zaidi: jimbo linaweza kuweka masharti ya leseni ya ndugu peke yake, mepesi kuliko ya wageni, na posho ibaki ileile. Mkaguzi ataangalia king'ora cha moshi kama kinalia, dawa kama zimewekwa mbali na watoto, na mtoto atalala wapi. Jimbo likikukatalia kwa sababu ya kipimo cha chumba, uliza kama msamaha umeombwa.

"Kiingereza changu hakitoshi"

Vigezo vya mfano vya leseni vilivyotolewa na serikali ya shirikisho mwaka 2019 vinataka mlezi aweze kuwasiliana na mtoto, idara na wahudumu wa afya, na angalau mwombaji mmoja aweze, kwa mfano, kusoma maandishi ya chupa ya dawa. Omba mkalimani wa idara. Mtoto mwenyewe asigeuzwe mkalimani wa kesi yake.

"Kosa la zamani linafunga kila mlango"

Hapa masharti ya ndugu na ya wageni ni mamoja. Makosa makubwa ya kudhulumu watoto au mwenzi, ubakaji na mauaji yanafunga mlango kabisa. Kosa kubwa la shambulio au dawa za kulevya linafunga kwa miaka 5. Mengine jimbo hupima lenyewe. Kwa upande wa uhamiaji, sheria ya California ya 2012 inasema hali ya ndugu isiwe sababu ya kumnyima mtoto. Hata hivyo alama za vidole hupita FBI, kwa hiyo asiye na karatasi amwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

"Nikichukua leseni nitamnyang'anya dada yangu mwanawe"

Hofu hii ndiyo inayowarudisha wengi nyuma, nami naielewa. Leseni haikufanyi mzazi wala haifuti haki za mama. Sheria ya 1997 inalitaka jimbo lifungue shauri la kuzifuta mtoto akikaa katika malezi miezi 15 kati ya 22, lakini inaliruhusu lisifanye hivyo mtoto akilelewa na ndugu. Na ikiwa hatimaye hawezi kurudi nyumbani, kuna ulezi wa kudumu wenye msaada wa fedha, ambao si kuasili. Ili fedha ya shirikisho ipatikane, mtoto lazima awe amekaa kwako miezi 6 mfululizo akistahili posho ya malezi ya kambo, na muda huo kwa kawaida huhesabiwa ukiwa tayari na leseni.