Sylvain Van de Weyer na kivuli cha Leopold

Ukimtajia mtu wa kwetu mwanasiasa wa Ubelgiji wa karne ya 19, mara moja anawaza Kongo, utomvu wa mpira na mikono iliyokatwa. Si ajabu, ila si wote walikuwa watu wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake binafsi. Chukua Sylvain Van de Weyer, mzaliwa wa Leuven mwaka 1802. Alikuwa wakili, tena mkutubi wa jiji la Brussels, hadi mapinduzi ya 1830, ya Ubelgiji kujitenga na Uholanzi, yalipomtoa kwenye makabati ya vitabu na kumwingiza katika Serikali ya Muda. Leopold II hata hakuwa amezaliwa.

Kisha akawa balozi London kwa miaka mingi. Ndiye aliyeitilia Ubelgiji saini Mkataba wa London wa 1839, ule uliothibitisha uhuru wa nchi yake na kuilazimisha isiegemee upande wowote. Uwaziri mkuu aliushika kwa muda mfupi tu, 1845 hadi 1846. Vitabu hakuviacha: mwaka 1853 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Philobiblon Society, chama cha wapenzi wa vitabu adimu huko huko London. Alifariki 1874, miaka 11 kabla Dola Huru ya Kongo, ile milki ya Leopold II, haijatangazwa.