Ukungu Unaopita Kando ya Pua

Baridi ya Juni na Julai ikishaingia Nairobi, kitengo chetu cha dharura hujaa watoto ambao vifua vinalia filimbi. Wengi huwekewa nebulaiza, kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta kwa barakoa. Dawa ni ileile salbutamoli, ya kufungua njia za hewa, lakini mmoja hupata nafuu na mwingine hubaki vilevile, na mara nyingi tofauti iko kwenye barakoa.

Mtoto akilia, mama humwonea huruma, akaishika barakoa mbali kidogo na uso. "Daktari, anaiogopa." Namwelewa kabisa, lakini ukungu unaopita kando ya pua haumtibu mtu. Umbali wa sentimita mbili tu hupoteza sehemu kubwa ya dawa. Kumkandamiza anayepiga mayowe nako hakufai, maana pumzi za kilio ni za haraka na dawa huishia kooni. Kwa hiyo husema: "Mama, mpakate, aketi wima, umwimbie." Barakoa huja baadaye, nayo ikae barabara usoni.

Kisha kikombe cha dawa cha nebulaiza. Kwa mtoto mdogo tunaweka miligramu 2.5 za salbutamoli na kuongeza salaini (maji ya chumvi) hadi jumla ya mililita 4. Msiache hiyo salaini: karibu mililita moja hubaki imeng'ang'ania ukutani mwa kikombe, na kiasi kikiwa kidogo tangu mwanzo, inayobaki ndiyo dawa yenyewe. Kikombe kisimame wima, kikianza kukohoa-kohoa kigongeni kwa kidole.

Oksijeni inayosukuma ukungu iwe lita 6 hadi 8 kwa dakika. Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, ya lita 5 haitoshi. Msukumo ukiwa dhaifu, matone huwa makubwa, yakatua mdomoni na kooni. Yanayoingia ndani ya mapafu ni ya mikromita (sehemu za elfu za milimita) 1 hadi 5. Ila kwa mzee ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara au moshi wa kuni, heri nebulaiza isukumwe kwa hewa ya kawaida, oksijeni ya damu ikilengwa asilimia 88 hadi 92.

Shambulio likiwa kali, rudieni kila dakika 20 katika saa ya kwanza, pamoja na ipratropiamu, dawa nyingine ya kufungua njia za hewa, na prednisoloni, ya kupunguza uvimbe wa njia hizo, itolewe mapema, msingoje matokeo ya nebulaiza. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku mtoto amelegea, msishangilie. Hewa haipiti tena; mwiteni daktari mkuu wa zamu papo hapo.