Grudziądz kando ya Vistula: dhana potofu zinazowanyima wageni mji wenyewe

Wageni wengi wanaofika kaskazini mwa Polandi hupita Toruń, wakasikia habari za mji wa Grudziądz na maghala yake ya kale ya nafaka kando ya mto Vistula, wakaenda, wakarudi na jibu moja: "Maghala nimeyaona. Nyumba za kawaida tu, ghorofa mbili tatu." Nimelisikia jibu hili mara nyingi mno. Kila ninapolisikia najua bila kuuliza kwamba huyu mtu hakushuka mtoni, na kwa hiyo nitaanza na dhana hiyo, na nitakaa nayo.

"Maghala nimeyaona, hakuna kitu pale"

Anayesema hivi alisimama Mtaa wa Spichrzowa, juu, upande wa mji. Ukiwa pale ni kweli unaona majengo mafupi yenye milango ya kawaida, na mengine yana mapazia madirishani kwa sababu yamegeuzwa makazi. Lakini huo ni mgongo wa maghala. Uso wao unatazama mto, na kutoka chini jengo lile lile lina ghorofa sita hivi: ukuta wa matofali mekundu umeanzia chini ya genge, umepanda hadi usawa wa mtaa, kisha umeupita. Yako yapata ishirini na sita, yamebanana mfululizo, na mwaka 2017 safu hii pamoja na mandhari yake ya upande wa mto iliingizwa katika orodha ya Kumbukumbu za Historia ya Polandi, ambayo ndiyo hadhi ya juu kabisa ya urithi wa kitaifa nchini humo. Angalieni maneno hayo: mandhari ya upande wa mto. Aliyeona upande wa mtaa peke yake hakuona kilichotunukiwa.

Umbo hili lilitokana na kazi. Mji umekaa juu ya ukingo wa mashariki wa Vistula, na ukingo huo ni genge. Nafaka, hasa ngano na nafaka iitwayo rai, ilikuja kwa mikokoteni kutoka mashambani na kuingia ghalani kwa mlango wa juu, usawa wa mtaa. Ilipofika wakati wa kuuza, iliteremshwa kwa mifereji ya mbao hadi kwenye mashua bapa zilizofungwa chini, zikaelekea bandari ya Gdańsk, kilomita mia na ushei, na kutoka hapo meli zikaibeba hadi Uholanzi na kwingineko. Mzigo uliingia juu na kutoka chini, uzito wake wenyewe ukifanya kazi ambayo ingehitaji makuli wengi. Ghala lililojengwa mahali tambarare lisingekuwa na faida hiyo.

Vidirisha vidogo vilivyopangwa safu kwa safu navyo vina sababu. Yeyote aliyewahi kurundika mahindi yasiyokauka vizuri anajua kinachotokea: yanapata joto, yanatoa unyevu, yanavunda. Ndiyo maana ndani kulikuwa na sakafu nyingi za mbao, nafaka ikitandazwa kwa tabaka jembamba na kugeuzwa kwa koleo, na upepo wa mto ukipita kutoka dirisha hadi dirisha. Zile nguzo nene za matofali zilizoegemea ukutani kwa nje si pambo. Udongo wa genge unausukuma ukuta kuelekea mtoni, na nguzo hizo zinaurudisha.

Wapo pia wanaoshuka mtoni kisha wakadai wameona gereza au kuta za ngome. Hawa nawaelewa zaidi, kwa kuwa hawako mbali sana na ukweli. Upande huu wa mji ulihitaji kulindwa dhidi ya adui atokaye mtoni, na maghala yalijengwa yakawa sehemu ya ulinzi huo: kuta nene, matundu madogo, hakuna pa kupandia. Maghala ya kwanza yalikuwepo tangu karne ya 14, lakini mengi yaliyosimama leo ni ya karne zilizofuata, kwa sababu mji uliungua vibaya mwaka 1659, Waswidi walipokuwa wakifukuzwa.

Sasa namna ya kuyaona. Kutoka kituo cha treni hadi mji mkongwe ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu. Pita uwanja wa soko, yaani Rynek, ingia Spichrzowa na uitembee yote ili ujue urefu wa maghala kwa juu. Kisha tafuta Brama Wodna, Lango la Maji, ambalo ni lango la zama za kati linalokutoa mjini na kukushusha kwenye ukingo wa mto. Tembea chini ya ukuta mzima, ukijitenga nao kadiri ardhi inavyoruhusu. Ukiwa karibu mno shingo itauma na bado hutaona kitu zaidi ya matofali.

Wengi huishia hapo. Mimi husisitiza hatua moja zaidi: vuka mto. Fuata ukingo kuelekea kusini hadi daraja kubwa la reli na barabara, livuke kwa miguu (ni mita 1,098), kisha ukifika ng'ambo geukia kulia na urudi kaskazini juu ya tuta la kuzuia mafuriko hadi maghala yawe mbele yako. Hapo ndipo mji unapoonekana mzima: maghala, minara ya makanisa, na kilima cha ngome upande wa kushoto. Ng'ambo hiyo ni mbuga za majani zinazofurika, kwa hiyo vaa viatu visivyoogopa tope na suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi. Kupe wa majani haya hueneza ugonjwa wa Lyme, basi jikague mwili ukirudi. Kwa simu, kuza mara 2 au 3, vinginevyo maghala yatakuwa mstari mwembamba katikati ya anga na maji.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni saa. Ukuta unatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake, nao wote uko kivulini, mweusi na bapa. Nenda alasiri. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu na dakika ishirini usiku, kwa hiyo muda mzuri ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Desemba huzama karibu saa tisa na nusu alasiri, basi saa nane mchana uwe umeshafika mahali pako. Na kwa kuwa ratiba za treni huandikwa kwa mfumo wa saa 24, hesabu vizuri: treni ya 15:30 ndiyo hiyo saa tisa na nusu. Mzunguko wote huu utenge saa nne hadi tano. Anayeupa mji huu saa moja kati ya treni mbili afadhali angebaki Toruń.

"Nitapanda meli kutoka Gdańsk hadi Grudziądz"

Hakuna meli ya abiria yenye ratiba kati ya miji hiyo miwili. Vistula ni mto mrefu kuliko yote Polandi, kilomita 1,047, na watu wakiona mstari mnene wa buluu kwenye ramani hudhani ni barabara kuu ya maji. Mwisho wa kiangazi kina hushuka, mchanga hujitokeza katikati, na njia ya mashua huhamahama. Theluji ikiyeyuka mwishoni mwa baridi, au mvua kubwa zikinyesha milimani kusini, mto huohuo hupanda na kufunika njia ya chini ya maghala. Kabla ya kusafiri, tazama vipimo vya maji vya IMGW, taasisi ya serikali ya hali ya hewa na maji, ambayo hutoa kina cha mto kila siku kwa kila kituo.

Njia ya uhakika ni treni. Kutoka Toruń ni kama kilomita 60 kwa treni ya mkoa. Kutoka Gdańsk, badilisha Laskowice Pomorskie, na hii ndiyo njia ninayoipendelea kuliko zote: treni inaingia mjini kwa kuvuka lile daraja. Keti dirisha la kushoto. Vyuma vya daraja vitakukatiza macho, lakini utakuwa umeuona mji kutoka mtoni hata kabla hujashuka.

Mtoni usiogelee. Kuna kingo za mawe zilizojengwa karne ya 19 zikiingia majini ili kuusukuma mkondo katikati, na kandokando yake maji huchimba mashimo na kuzunguka kwa nguvu isiyoonekana kwa juu. Wenyeji huenda Rudnik, kwenye ziwa kubwa lenye ufuo kusini mwa mji.

"Daraja limepewa jina la yule mwanaanthropolojia"

Hili huwapata wasomi, hasa Wakenya, ambao wanamjua Bronisław Malinowski kama mwalimu wa Jomo Kenyatta kule London miaka ya 1930. Yule alizaliwa Kraków na hana uhusiano na daraja hili. Daraja lina jina la Bronisław Malinowski mwingine, mwanariadha wa klabu ya Olimpia Grudziądz, na huyu Watanzania wanapaswa kumjua vizuri. Ndiye aliyempita Filbert Bayi katika mzunguko wa mwisho wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Bayi alikuwa ameongoza kwa kasi ya kutisha na akamaliza kwa 8:12.48, akiipatia Tanzania medali ya fedha. Malinowski alishinda kwa 8:09.70. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Septemba 1981, alikufa kwa ajali ya gari juu ya daraja hili hili, akiwa na miaka 30.

Msafiri kutoka Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuvuka daraja hili kwa miguu, na inanisikitisha kwamba waelekezaji wengi hawaitaji kabisa. Daraja lenyewe lilijengwa 1876 hadi 1879, likavunjwa 1939 na jeshi la Polandi likirudi nyuma, likavunjwa tena 1945, likajengwa upya. Kwa hiyo vyuma unavyoviona si vile vya karne ya 19.

"Kila kitu ni cha zama za kati"

Hapana. Mji ulipata haki za mji mwaka 1291 chini ya Shirika la Wateutoni, yaani watawa wapiganaji wa Kijerumani, ukawa chini ya taji la Polandi kuanzia 1466, ukachukuliwa na ufalme wa Kijerumani wa Prussia 1772, ukarudi Polandi Januari 1920. Kila mmoja alijenga na kubomoa. Ngome ya Wateutoni kwenye Góra Zamkowa, kile kilima cha ngome, ilibomolewa kwa amri ya utawala wa Prussia mwanzoni mwa karne ya 19, ukabaki mnara mmoja, Klimek. Huo nao ulilipuliwa na Wajerumani Machi 1945, katika siku za mwisho za mapigano yaliyoharibu sehemu kubwa ya mji. Mnara unaoupanda leo ulikamilishwa mwaka 2014. Panda, maana mto unaonekana vizuri sana kutoka juu, ila usimwambie mtu umegusa matofali ya karne ya 13. Ukitaka misingi ya kale, tazama chini, kwenye mabaki ya ngome yaliyofukuliwa kuuzunguka.

"Copernicus ni wa Toruń na Frombork tu"

Copernicus, yule mwanafalaki aliyesema dunia hulizunguka jua, alizaliwa Toruń, alifia Frombork. Lakini tarehe 21 Machi 1522 alisimama Grudziądz, mbele ya baraza la wawakilishi wa Prussia ya Kifalme, yaani sehemu ya Prussia iliyokuwa chini ya taji la Polandi, akaeleza kwa nini sarafu zao zinapoteza thamani: fedha ilikuwa ikipunguzwa na shaba kuongezwa, watu wakaficha sarafu nzuri na kulipana kwa mbaya, mpaka nzuri zikatoweka sokoni. Mwenye kupenda uchumi asiukose mji huu.

"Sitadeli iko wazi, nitaingia tu"

Ngome kubwa ya kaskazini mwa mji, iliyojengwa kuanzia 1776 kwa amri ya Friedrich II, mfalme wa Prussia, na ambayo Wafaransa walishindwa kuitwaa mwaka 1807, bado ni eneo la jeshi. Huingii kwa kugonga lango. Ziara hufanywa kwa vikundi, siku zilizopangwa, na mgeni wa nje anaweza kuhitaji kuandikishwa mapema, kwa hiyo wasiliana na ofisi ya habari za utalii ya mji siku kadhaa kabla na uwe na pasipoti mkononi, si nakala kwenye simu. Usipige picha za malango, wala mahali penye mabango ya kijeshi yanayokataza.

Na kuhusu siku: tangu 2018 sheria inafunga maduka mengi Jumapili nyingi za mwaka, na Jumatatu makumbusho mengi ya Polandi hayafunguliwi. Kwa hiyo panga Jumanne hadi Jumamosi. Ukilazimika kuja Jumapili, nunua maji na chakula cha njiani Jumamosi, kwa sababu ng'ambo ya daraja, kwenye lile tuta, hakuna duka.