Kiongozi Anayesema "Nimezoea": Maswali na Majibu Kuhusu Mwili na Maamuzi ya Haki

Swali: Kuusikiliza mwili kunahusianaje na uadilifu wa kiongozi?

Ni kutambua mapema njaa, uchovu, pumzi na mapigo ya moyo, kabla havijaanza kukuamulia mambo ya watu. Hapa Mtwara na Lindi tatizo huonekana zaidi msimu wa minada ya korosho, wakati viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, wanaposhinda ghalani na kukesha wakilinganisha daftari za wakulima na malipo ya benki.

Swali: Mimi uchovu nimeuzoea. Kuna ubaya gani?

Hukuuzoea. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na majaribio yameonyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo umakini wake hushuka kufikia ule wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mkulima hawezi kukubali korosho zake zipimwe na mlevi, lakini makato yake huidhinishwa usiku wa manane na mtu asiyeona vizuri safu za tarakimu. Ahirisheni hadi asubuhi.

Swali: Na presha? Nimeizoea pia, wala siisikii.

Hapana, tena hapana. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili, kwa hiyo kutoisikia si ushahidi wa uzima. Ikisoma 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, unayo, hata kama jana ulilima kutwa. Tunasikitishwa, na kwa kweli tunachoshwa, na waheshimiwa wanaohimiza wananchi kupima huku wao wenyewe wameacha dawa kwa sababu "kichwa hakiumi". Dawa haiachwi bila ushauri wa mtoa huduma. Hakuna kuizoea presha; kuna kuipima na kuitibu.

Swali: Moyo ukinienda mbio ninapoombwa kusaini karatasi nisiyoielewa, ni ugonjwa au ni dhamiri?

Huenda ni woga, na woga huo una kazi yake: weka kalamu chini, soma, uliza, mwite mjumbe mwingine aisome pia. Hata hivyo mwili hutoa taarifa, hautoi hukumu. Unaweza kukukaza vilevile mbele ya mwananchi usiyempenda ambaye madai yake ni ya kweli. Lakini kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, au pumzi ikikata, usitafute maana yake ya kimaadili. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Mwenyekiti wetu ana kisukari, na kikao kikirefuka huwa mkali ghafla. Ndiyo tabia yake?

Kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge na amekosa mlo, huenda sukari imeshuka, hasa akitoka jasho na kutetemeka. Simamisheni kikao, mpeni kinywaji chenye sukari kisha chakula, na uamuzi alioutoa katika hali hiyo ujadiliwe upya. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Swali: Mdomo wake ukipinda au mkono ukilegea ghafla, tumpumzishe kwanza?

Msimpumzishe, msimkande, msisubiri ajenda iishe. Hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, na tiba ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na kumfaa mgonjwa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu. Andikeni saa dalili zilipoanza, tafuteni gari, ondokeni naye.